Kusoma Nyumbani Ukiwa Moshi: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Nina miaka 18 na naishi Pasua, Moshi. Nilitoka shule ya bweni katikati ya kidato cha pili, na tangu hapo nasoma nyumbani. Kila nikitoka getini kuna mtu ana swali, na maswali yenyewe ni yaleyale: ya mangi wa duka, ya shangazi, ya wasichana wanaonivuta pembeni baada ya ibada. Nimeyaandika hapa na majibu yake ili nipumzishe koo. Ya sheria na mitihani nimeyajibu kwa uangalifu, maana hapo ukikosea unapoteza mwaka mzima. Mengine nimeyajibu jinsi ninavyoongea.

Ulifukuzwa? Au una mimba?

Hapana, na hapana. Nimeyaweka juu yaishe mapema. Msichana wa umri wangu akionekana sokoni Mbuyuni Jumatano saa nne asubuhi, watu humtazama tumbo kabla ya uso. Na hata ningekuwa na mimba, tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, kwa hiyo hata hiyo isingekuwa sababu ya kukaa nyumbani moja kwa moja.

Sasa kwa nini uliacha shule?

Ilianzia kwenye kipindi cha jiografia. Mada ilikuwa umwagiliaji, na mifano yote ya kitabuni ilikuwa ya mbali. Nikanyoosha mkono nikasema kwa bibi yangu Kibosho kuna mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, unaopita kihambani, shamba letu la nyumbani, umechimbwa kwa mkono, na Wazungu wa kwanza waliofika mlimani karne ya 19 waliikuta mifongo ya namna hiyo inafanya kazi. Nikauliza: wazee walijuaje mwinamo bila kipimo? Mwalimu akanijibu kwamba hilo halimo kwenye mada, nikae.

Hakuwa mwalimu mbaya. Tulikuwa zaidi ya 60 darasani na alikuwa na mada za kumaliza. Lakini swali lilinikaa. Usiku nilitaka kuliandika, kengele ikalia ya kulala. Asubuhi nilitaka kuliandika, kengele ikalia ya usafi. Nikaanza kuandika saa zangu kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, wiki nzima: kuanzia saa kumi na nusu alfajiri tunapoamshwa hadi saa nne usiku taa zinapozimwa. Kwa siku nilikuwa na dakika kama 40 ambazo ningeweza kusema ni zangu, na ndizo nilizofulia soksi.

Likizo ilipofika nikapanda Kibosho nikamuuliza mzee mmoja wa kamati ya mfongo. Akacheka. Akasema maji yenyewe ndiyo kipimo: unachimba hatua chache, unayaita, yakija unaendelea, yakigoma umekosea, unarudi nyuma. Jibu lilichukua dakika tano. Mimi nililisubiri muhula mzima.

Kwa hiyo ulikimbia viboko?

Kiasi, sitadanganya. Kanuni za mwaka 2002 zinataka viboko visizidi vinne na viandikwe kwenye kitabu. Nilikokuwa, kitabu hicho sikukiona. Lakini wenzangu wengi walichapwa kuliko mimi na wamebaki, wanasoma vizuri, kwa hiyo sitasema viboko ndivyo vilivyonitoa.

Unaposema unatafuta uhuru, ni uhuru gani? Wa kulala mpaka saa tatu?

Hapa ndipo wengi wanaonivuta pembeni hukata tamaa. Mtihani haukwepeki. Nchi hii ukitaka kwenda chuo, au kuajiriwa kwa maana ya kuajiriwa, utaulizwa cheti cha kidato cha nne, na cheti hicho kinatolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), basi. Ninachokidai ni njia ya kufika kwenye chumba cha mtihani: nianze na mada ipi, nikae nayo siku ngapi, nijifunzie juani au chini ya mgomba, niulize nani. Kati ya Januari ninapojiandikisha na Novemba ninapokaa kwenye karatasi, miezi ile ni yangu. Mwanzo na mwisho si wangu, na nimekubali.

Ukitaka uhuru wa kutokufanya mtihani kabisa, soma swali la VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huko chini, halafu ongea na wazazi wako taratibu.

Sheria inaruhusu?

Jibu lina vipande viwili, na usiyachanganye.

Kama hujamaliza shule ya msingi: maliza. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi akitimiza miaka 7 na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize. Mzazi anayemweka mtoto wa darasa la nne nyumbani kwa nia njema anaweza kujikuta anaitwa ofisini kujieleza pamoja na yule aliyemweka nyumbani achunge mbuzi. Sheria yetu haina utaratibu wa kusajili nyumba kuwa shule. Afrika Kusini wanao tangu sheria yao ya shule ya mwaka 1996, Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, Ujerumani imekatazwa. Sisi tuko katikati ambako hakuna aliyekuandikia fomu.

Kama umemaliza darasa la saba: hapo kuna mlango, nao una jina. Unaitwa elimu ya sekondari kwa njia mbadala, na mwenye nao ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Jina lisikutishe, kwenye kituo changu kuna wa miaka 16 na kuna mama wa watoto watatu, tunakaa benchi moja. Masomo ya sekondari yamegawanywa hatua mbili: ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili, ya pili ni cha tatu na cha nne, na kila hatua inaweza kumalizika kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo kwenye karatasi mimi ni mwanafunzi wa njia mbadala niliyeandikishwa kituoni. Kwa maisha ya kila siku nasoma nyumbani na kwenda kituoni siku mbili kwa wiki. Nakuomba sana usiruke hatua ya karatasi. Siku mtendaji wa kata alipokuja kuuliza, mama alimpa karatasi akaisoma, akarudisha, akaomba maji ya kunywa.

Na usitoroke. Mtoro ana faili lake, na faili hilo huandikwa jina la mzazi pia. Mama alikwenda shuleni mwenyewe na barua, akaniombea kuondoka, akadai nakala za matokeo yangu. Mkuu wa shule alimkalisha saa mbili akimsihi abadili mawazo. Mama anasema alikuwa na adabu tupu, mpaka nusura akubali.

Mtihani nafanyaje bila shule?

Kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ukisikia mtu anaitwa "praiveti", ndiye huyo, pamoja na wale wanaorudia mtihani.

Mimi niliondoka kabla ya kufanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, kwa hiyo nililazimika kuanza na Mtihani wa Maarifa, unaojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, QT (Qualifying Test). Ndio unaomfungulia mtu ambaye hakupita sekondari ya kawaida njia ya kwenda kufanya mtihani wa kidato cha nne. Wewe uliyekwisha kufaulu kidato cha pili, uliza kituoni kabla ya kulipia QT usije ukalipa bure.

Utaratibu niliopitia ulikuwa hivi. Unakwenda kwenye kituo cha mtihani unachotaka kufanyia, unapewa namba rejea. Kwa namba hiyo unajaza taarifa zako kwenye tovuti ya Baraza, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Nililipa 30,000 kwa QT na 50,000 kwa kidato cha nne. Dirisha la kawaida hufunguliwa Januari na kufungwa mwisho wa Februari, na Machi ni ya faini. Mtihani ni Novemba. Hakikisha jina lako ni lilelile la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Binamu yangu aliandika jina la ubatizo akaliruka la ukoo, na kuhangaikia kulirekebisha kulimgharimu nauli za Dar es Salaam kuliko ada yenyewe.

Tofauti moja kubwa haisemwi vya kutosha: mwanafunzi wa shule anaingia kwenye matokeo akiwa na alama za maendeleo zilizokusanywa darasani. Wewe hunazo. Karatasi ya Novemba ndiyo kila kitu. Ukiamka na malaria siku ya hisabati, umeamka nayo.

Unasoma masomo gani?

Saba: Kiswahili, Kiingereza, hisabati, baiolojia, jiografia, historia na uraia. Nilichagua saba kwa sababu daraja la kidato cha nne hupigwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na ukijumlisha ukapata kati ya 7 na 17 una daraja la kwanza. Mwenye masomo saba tu hana la kubeba jingine, kila moja linahesabiwa, na nalijua hilo kila ninapofungua daftari la hisabati.

Fizikia na kemia niliziacha kwa machozi kidogo. Baking soda na siki vipo jikoni, lakini mtihani wa maabara haufanyiki jikoni. Ukizitaka, kwanza tafuta kituo chenye maabara kitakachokupokea, ndipo uandike masomo kwenye fomu.

Tazama pia muhtasari unaosomea. Mtaala mpya umekuwa ukiingia kwa awamu tangu Januari 2024, na ndani yake kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili ambalo dada zetu hawakulisoma. Vitabu vya mitumba vya pale stendi ni rahisi, ila vingine ni vya muhtasari uliokwisha kuzikwa.

Nani anakufundisha?

Hili huulizwa na wanaume zaidi, sijui kwa nini.

Hisabati nafundishwa na mwanafunzi wa chuo kikuu cha ushirika hapa Moshi, Jumanne na Ijumaa jioni. Kituoni kuna walimu wa masomo mengine. Vitabu vya kiada navisoma bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bando likiwepo. Kuna maktaba ya mkoa hapa mjini, kimya chake ni cha thamani kuliko twisheni nyingi. Kuna bibi. Kuna yule mzee wa mfongo.

Na kuna Hiace ya baba. Baba anaendesha ya Moshi na Marangu. Jumamosi moja nilipanda naye na kipimajoto nilichoazima kwa jirani muuguzi, nikawa naandika nyuzi kila kituo tunachosimama. Abiria mmoja alidhani napima hewa ya gari, akaomba wafungue madirisha. Kitabu kinasema joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nilipofika nyumbani nikachora mstari wangu nikaurefusha hadi mita 5,895 za kilele cha Uhuru, juu kabisa ya Kilimanjaro, ukashuka chini ya sifuri, na hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili wangu kwa nini sisi tunatoka jasho Pasua huku tunatazama theluji. Baadaye nikaelewa mvua za milimani, kwa nini Kibosho na Machame ni kijani na upande wa kaskazini kule Rongai ni mkavu, bila kukariri hata sentensi.

Mfongo nao nimeupima. Niliweka ndoo ya lita 20 kwenye tawi linaloingia kihambani kwetu, ikajaa kwa sekunde 8. Hiyo ni lita 2.5 kwa sekunde, lita 9,000 kwa saa. Zamu ya bibi huchukua muda wa saa tatu, kwa hiyo anapata lita 27,000. Nikamsomea. Akauliza jirani wa juu anapata ngapi. Sasa hesabu yangu imeingia kwenye kikao cha kamati ya maji na mimi nimeambiwa nisipime tena mpaka mambo yatulie.

Kiingereza unakimudu vipi ukiwa nyumbani?

Kwa shida, kama walio shuleni. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, sekondari ghafla kila kitu kikageuka. Darasani nilikuwa nanakili ubaoni vizuri sana mambo nisiyoyaelewa. Nyumbani nina ruhusa ambayo darasani haikuwepo: naisoma mada kwanza kwa Kiswahili, naieleza kwa sauti mpaka mdogo wangu aelewe, ndipo naiandika kwa Kiingereza. Inachukua muda mara mbili. Lakini mtihani utakuja kwa Kiingereza karibu masomo yote ukiacha Kiswahili, kwa hiyo usiishie kwenye hatua ya kwanza kwa sababu ni tamu.

Wazazi walikubalije?

Hawakukubali. Walikubaliana nami, ni tofauti.

Huku kwetu shule ni jambo zito. Mababu waliuza kahawa wakalipa ada, na nyumba nyingi mlimani hadi leo zina picha ya mhitimu ukutani kabla ya picha ya harusi. Kumwambia baba Mchaga kwamba unataka kuacha shule ya kulipia ni sawa na kumwambia umeuza kiwanja. Kwa hiyo sikusema. Niliandika barua ya kurasa nne, nikaiweka mezani Jumapili jioni, nikaenda kuosha vyombo. Ndani niliandika saa zangu za wiki ile, masomo ninayoyataka, ada ya mwaka na nitakachotumia nyumbani, na mwisho nikaomba miezi mitatu tu ya majaribio.

Baba hakuongea nami siku mbili. Siku ya tatu akaita kikao: yeye, mama, baba mdogo, shangazi, na bibi kwa simu. Shangazi alisema nimelogwa na simu. Baba mdogo, ambaye ni mwalimu, aliuliza swali moja la maana: nani atajua kama hasomi? Bibi akasema yeye alitolewa shule darasa la nne akachume kahawa na hakuna aliyeita kikao, kwa hiyo leo kikao cha nini kwa mtoto anayetaka kusoma. Hapo mama akacheka, na mama akicheka jambo limeshapita nusu.

Yakatoka masharti. Hisabati lazima iwe na mwalimu. Daftari zote mezani kila Jumapili baada ya chakula, baba azione hata kama haelewi. Na nikifeli QT, narudi shule atakayoichagua yeye, bila barua. Niliyaandika nikasaini. Kijana mwenzangu, nakwambia, sharti la tatu ndilo lililowafungua. Mzazi haogopi wewe kusoma nyumbani. Anaogopa kwamba hakuna mlango wa kurudia.

Inagharimu kiasi gani?

Hesabu yangu kwa mwezi: mwalimu wa hisabati 30,000, bando 15,000, nauli na kudurufu karatasi kama 20,000. Mara moja kwa mwaka kuna ada ya mtihani, michango ya kituo na vitabu. Ni chini ya nusu ya ada ya bweni niliyokuwa nalipiwa. Ila kama ulikuwa shule ya Serikali ya kutwa isiyo na ada, kusoma nyumbani kutakuwa ghali zaidi. Watu wakiniambia "bora wewe, umewapunguzia wazazi mzigo," inategemea unatoka wapi.

Si utakuwa mfanyakazi wa ndani tu?

Swali bora kuliko yote, na aliyeniuliza ni msichana wa miaka 14.

Ndiyo. Ukikaa vibaya, ndicho utakachokuwa. Kijana wa kiume akionekana nyumbani asubuhi na kitabu, anasoma. Msichana akionekana nyumbani asubuhi na kitabu, yupo tu. Mwezi wa kwanza nilipokea wageni, nilinunua mkaa, nilimsubiri fundi wa maji, nilishika mtoto wa jirani "dakika mbili" mpaka adhuhuri. Kila mmoja alikuwa na kazi moja ndogo, na wote walikuwa na haki kidogo, maana nilikuwepo.

Sikugombana. Nilianza kutoka. Saa mbili kamili asubuhi naoga, navaa sketi na shati lililopigwa pasi, naweka begi mgongoni, nasema "shikamoo mama, nimekwenda," natoka getini. Siku nyingine naenda maktaba. Siku nyingine nazunguka nyumba nzima naingia kwa mlango wa uani, kwenye chumba cha stoo alichonipa baba, nakaa mpaka saa saba. Mama anajua nimo. Jirani hajui. Inachekesha, lakini ukishaaga umekwenda, na mtu aliyekwenda hatumwi mkaa. Mchana nikirudi, yaani nikizunguka tena, napika na kufua zamu yangu kama kawaida.

Huna upweke?

Ninao, hasa Jumatatu. Kwaya inasaidia, kituo kinasaidia. Wenzangu wa bwenini wakija likizo wana vichekesho ambavyo sivielewi tena, nacheka nyuma yao kidogo.

Vipi mitihani ya Cambridge, ile ya Uingereza?

Familia nyingi za kigeni huku kaskazini zinazosomesha watoto nyumbani hutumia hiyo, na inawezekana kuifanya kama mtahiniwa binafsi. Ni ghali kwa mifuko ya Pasua. Ukiifanya, cheti chako utakipeleka Baraza la Mitihani kikalinganishwe na cha hapa kabla chuo hakijakupokea. Mfumo wa IB, yaani diploma ya kimataifa inayofundishwa kwenye shule ya UWC pale Moshi na Arusha, huwezi kuufanya peke yako. Ni lazima uandikishwe kwenye shule inayoufundisha.

Sitaki kidato cha nne kabisa. Nataka kushona, au magari.

Basi ongea na VETA. Wana chuo Moshi, na Arusha wana cha hoteli na utalii pale Njiro. Zaidi ya kozi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya mfumo rasmi: fundi aliyejifunzia gereji kwa miaka anapimwa kwa kazi ya mikono yake na kupewa cheti. Mama yangu ni fundi cherehani wa miaka 20 na nimemsumbua mwaka mzima aende akapimwe. Anasema nguo alizoshona zinatembea mjini, cheti cha nini.

Chuo kikuu kitanitambua?

Cheti ni kilekile. Namba ya mtahiniwa wa shule huanza na S, yako itaanza na P. Ndiyo alama pekee. Ukipata C tatu au zaidi unaweza kujisajili kidato cha sita, nako pia kuna watahiniwa wa kujitegemea, na mtihani wake ni Mei. Ukipata D nne na kuendelea kuna vyuo vya kati ngazi ya cheti. Kuna na Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, chenye vituo mikoani ukiwemo wetu. Mtu aliyezoea kusoma peke yake atajisikia nyumbani pale. Mimi nataka uhandisi wa maji, na ndiyo, najua niliacha fizikia. Nitairudia kama somo moja baada ya kidato cha nne. Usinikumbushe.

Niko Arusha. Yote haya yananihusu?

Yote, isipokuwa bibi. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina ofisi huko, maktaba ya mkoa ipo, vituo vya mtihani vipo. Jihadhari na vibanda vinavyokuahidi "kidato cha nne miezi sita na ufaulu uhakika". Uliza namba ya kituo, kisha uliza walimu wanaingia siku zipi, kisha nenda siku mojawapo bila taarifa uchungulie.

Mimi ni mzazi. Mwanangu ameniomba jambo hili. Nifanyeje?

Shikamoo. Kwanza muulize anakimbia nini, na usubiri jibu la pili, kwa sababu la kwanza huwa la kukuridhisha. Kama kuna mtu shuleni anamtendea vibaya, hilo ni jambo la kushughulikiwa kwanza, na pengine dawa yake ni kuhama shule tu. Kama anakimbia hisabati, hisabati itamfuata. Kama ana kitu anakikimbilia, mwache akuonyeshe kwa likizo moja: wiki nne, daftari mezani Jumapili. Mtoto asiyeweza kujiendesha wiki nne hataweza miezi kumi, na mtaligundua bila kuvunja chochote.

Na kama nyote wawili mnaondoka alfajiri mnarudi usiku, na nyumbani hakuna mtu mzima, mimi ningesita. Sisemi kwa ajili ya masomo. Nasemea mlango unaogongwa saa tano asubuhi.

QT ulifaulu?

Nilifaulu. Hisabati nilipata D, ambayo ni kati ya 30 na 44, na baba aliitazama muda mrefu kuliko nyingine zote. Novemba hii nakaa kidato cha nne.

Na mdogo wako naye atasomea nyumbani?

Hapana. Yuko darasa la sita, anaipenda shule kupita kiasi, juzi amechaguliwa kiranja wa michezo na sasa anatupigia filimbi mezani. Nilimweleza siku moja kwamba akimaliza la saba anaweza kufanya kama mimi: aamke anavyotaka, asome anachotaka. Akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, akauliza, "Sasa dada, mpira nitacheza na nani?"

Nimemwambia nitaliweka kwenye orodha.